Nilifuta Mahali Alipozama, Nikachora Pengine

Nimekosa, na kosa lenyewe nimelibeba miaka minne bila kumwambia mtu. Nalisema hapa kwa sababu hapa hamnijui. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na mkinitukana mna haki.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Nchelenge, upande wa Zambia kando ya ziwa, kibanda changu kiko karibu na wauza samaki. Nilivuka kutoka Kongo na mkoba mmoja na cheti cha informatique, yaani mambo ya kompyuta, cha Lubumbashi. Kwenye kambi ya wakimbizi waliniita fundi, sokoni wakaniita fundi, na jina la namna hiyo likishakuvaa, kulivua mbele za watu ni kazi. Ubaya wangu ulianzia hapo. Sijui kusema "sijui".

Asubuhi moja alikuja Mama Kisimba na kitu amekifunga ndani ya kitenge. Ni mjane, anauza samaki wakavu, Mkongomani kama mimi ila yuko Zambia tangu ujana wake. Akafungua. Ilikuwa GPS ya mashua, ya zamani, kioo kimefifia mpaka uinamishe kichwa ndipo uone maandishi.

"Mutoto yangu," akasema, "humu ndani kuko fasi yenye bwana yangu alizama. Hii kioo iko nakufa. Uitoe, uiweke mu ordinateur, mu kompyuta yako, juu hii mashini ikikufa, bwana yangu atapotea mara ya mbili."

Habari ya mumewe na ya hiyo fasi, mahali alipozama, naijua, kila mtu hapa anaijua. Alikuwa anarudi na mzigo kutoka kisiwa cha Chisenga, upepo ukamkuta katikati. Nyuma yake, kwenye mashua ya pili, alikuwa mwenzake wa kazi, Mzambia tunayemwita kwa heshima Ba Mwansa. Yeye aliona kwa macho mashua ikigeuka. Alizunguka pale mpaka petroli ikakaribia kwisha, akaokota dumu moja na kandambili moja, basi. Kabla ya kuondoka alibonyeza kitufe cha GPS ya mashua yake, ndiyo hii aliyomwachia Mama, ili ipahifadhi mahali pale. Kuandika jina hakujua, kwa hiyo mashine ikapaita 31.

Mwili haujaonekana hadi leo. Ndiyo maana 31 ilikuwa kaburi. Kila mwaka, siku ile, Mama na jamaa zake walikuwa wanaenda mpaka 31, wanazima injini, wanaimba, na Mama anamimina majini kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari nyingi, jinsi mumewe alivyoipenda.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Waya wa ile GPS ulikuwa na kichwa kipana chenye matundu tisa. Laptop yangu haina mahali pa kukichomeka, ina USB tu. Mtu mwenye akili angesema, Mama, hii siiwezi. Mimi nikasema, "Keshokutwa utaikuta tayari." Nikaagiza adapta kwa basi kutoka Lusaka, ya bei ya chini. Ilipofika, kompyuta ikasema haiitambui. Nikatafuta programu ya kuitambulisha, nikaweka, nikatoa, nikaweka nyingine. Siku tatu. Bando langu lote likaishia hapo.

Siku ya tatu Ba Mwansa alikuja kuangalia kazi inavyokwenda. Akakaa kwenye benchi, kofia magotini. Nikamfungulia kwenye GPS ukurasa wa 31, namba zikatokea, mistari miwili mifupi. Akazitazama kwa muda mrefu.

"Ba fundi, mukwai," akasema kwa adabu ya kwao, "kwani hapana kuandika tu hizi namba ku karatasi?"

Nikacheka. Penseli ilikuwa sikioni mwangu, ndugu zangu. Sikioni! Nikamwambia hiyo ni kazi ya zamani, sasa tunafanya kwa kompyuta. Naye akakubali, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Mchana ule, yeye akiwa bado kwenye benchi, adapta ikakubali. Laptop ikaiona GPS, na furaha niliyopata ilinipofusha. Programu ilikuwa ya Kiingereza, ina vitufe viwili: "Upload" na "Download". Kwa Kifaransa nilichosomea neno ni moja tu, télécharger, linakwenda na linarudi. Nikaanza kufikiri kwa akili ya hapa ufukweni. Huku kitu kikitoka ziwani tunasema kinapanda. Samaki wanapandishwa, abiria wanapanda nchi kavu. Anayeelekea majini ndiye anayeshuka. Mahali pale pako ziwani, nami nataka papande hadi mezani kwangu. Na "up" ni juu, hilo nalijua. Nikabonyeza "Upload".

Likatokea swali refu. Sikulisoma mpaka mwisho. Ba Mwansa alikuwa ananitazama, nikaona aibu kukwama, nikabonyeza "Yes".

Kumbe nilikuwa nimechukua orodha tupu ya kwenye laptop nikaishusha ndani ya GPS, na swali lilikuwa linaniuliza kama nina hakika nataka yaliyomo yafutwe. Nilifungua orodha ya GPS, hakuna kitu. Nikaizima, nikaiwasha, hakuna kitu.

"Imeingia?" Ba Mwansa akauliza.

Nikasema, "Imeingia."

Neno hilo moja ndilo dhambi yangu. Kufuta ilikuwa bahati mbaya, mtu yeyote anaweza kukosea kitufe. Lakini yule mzee alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwangu, na macho yake yalikuwa bado yanapajua mahali. Ningesema "imepotea", angenikasirikia, halafu tungeshuka ziwani siku ileile akatuonyesha, tukabonyeza upya. Nikamwacha akavaa kofia yake akaenda.

Alipokwisha kuondoka nilijaribu kukumbuka. Namba za mbele nilizikumbuka, maana huku kwetu zote zinaanza vilevile. Za mwisho, zile zenye maana, hapana. Nikafungua ramani ya ziwa, nikaweka kidole upande wa Chisenga, mahali nilipodhani, nikaandika namba zake ndani ya GPS. Na nilifanya jambo jingine ambalo mpaka leo linanichoma: sikupaita 31. Nilipaita PAPA, kama Wakongomani tunavyomwita baba.

Mama Kisimba alipoona lile jina alilia. "Umemuandika jina," akasema, "miaka yote alikuwa anaitwa namba." Akaniomba nimwandikie zile namba kwenye karatasi. Nikatoa penseli ileile. Karatasi iko ndani ya Biblia yake.

Siku ya kwenda ilipofika wakataka niende nao, nishike mashine. Nikakaa mbele, Ba Mwansa kwenye injini. Mshale ulipofika PAPA nikainua mkono, akazima. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Awe," akakataa. "Hapa hapana. Siku ile Chisenga niliiona huku ku mukono wa kushoto. Leo iko mbele."

"Ba Mwansa, ule ni uzee," Mama akamwambia kwa upole. "Weye unazeeka, mashini haizeeke. Fundi, unasema nini?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Ni hapa."

Mama akamimina chai. Aliongea na maji yale kwa sauti ndogo, akamweleza mumewe habari za wajukuu. Ba Mwansa alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua rangi ya mashua kwa ukucha.

Baada ya wiki chache nikasikia ameacha kuendesha. Nahodha ambaye hajasahau njia maisha yake yote aliwaambia watu kwamba kama amesahau mahali alipozama rafiki yake, basi asibebe tena roho za watu. Akahamia kwa binti yake huko Mununga, anashona nyavu. Mimi nilisikia hayo nikiwa nabadilisha kioo cha simu, nikaendelea kubadilisha.

Mwaka huu nimeshindwa kuvumilia. Nilipanda lori hadi Mununga, nikamkuta ameketi na nyavu mapajani. Nikamwambia yote. Kitufe, orodha tupu, kidole kwenye ramani. Nikamwomba twende anionyeshe pale penyewe.

Akaacha kushona. Halafu akasema, "Kumbe macho yangu yalikuwa mazuri."

Nilitamani anipige. Akajaribu kunionyesha kwa mikono, Chisenga iko hivi, upepo unatoka hivi. Akasimama, akaanza tena, akaiweka Chisenga upande mwingine. Mwisho akashusha mikono. Alisema miaka hii yote alijilazimisha kukumbuka pale nilipowaonyesha mimi, ili asimbishie Mama, na sasa akifumba macho anaona pale pangu tu.

Kwa hiyo hapajulikani tena. Hakuna mtu duniani anayepajua. Nililipoteza kaburi ndani ya mashine, halafu nikalitoa na ndani ya kichwa cha mzee.

Nikamuuliza, nimwambie Mama? Akasema, "Mi sijui, ba fundi." Nikaona jinsi neno hilo lilivyomtoka kwa urahisi.

Wewe unayesoma, sikujui, lakini kama watu wanakuita fundi, au mwalimu, au daktari, nakusihi. Siku utakayoharibu, sema siku hiyohiyo, kabla hujafunga mlango. Kesho yake utakuwa unalilinda kosa, na mtu pekee ambaye angelirekebisha utakuwa unamfundisha kusahau.

Mimi sijasema bado. Nimeenda kwa Mama mara mbili, na mara zote mbili nimekunywa chai nikarudi. Jumamosi ndiyo siku yenyewe ya kwenda ziwani. Leo asubuhi ameleta GPS kibandani ikiwa ndani ya kitenge kilekile, nimchajie betri, na akaniuliza kama nitapenda safari hii kikombe cha chai nimimine mimi.