Koti la Baba

Nyumbani kwetu Mtoni, ukimuudhi baba utasikia habari za koti. "Nyie mnavaa matambara! Mie nilikuwa na koti!" Ushahidi upo ukutani: baba kijana, koti jeusi lenye kola pana, ua la plastiki mfukoni, redio mkononi. Ndiyo picha aliyoituma Songea alipomposa mama. Koti lenyewe, anasema, liliibiwa kwenye kamba ya nguo, na mpaka leo huwa anamlaani mwizi.

Sasa Jumapili moja, tumetoka kanisani, nikawaambia wazazi kwamba kuna watu wamezikusanya picha za ile studio ya zamani ya Barabara ya Kilwa, wamezisafisha na kuziweka mtandaoni. Baba akasimama. "Fungua! Nitafute mie!" Nikaweka laptopu mezani, mama akavuta kiti.

Picha ya kwanza: kijana, koti jeusi, kola pana. Ua la plastiki. Redio. Wala si baba.

"Huyo nilimuazima," baba akasema haraka.

Nikashusha ukurasa. Mwingine, koti lilelile, mikono yake imemmeza viganja. "Na huyo pia. Nilikuwa mtu wa watu, mie." Nikashusha tena. Mzee kavaa kanzu, koti juu yake. Mapacha: mmoja kavaa koti, mwenzake kashika redio, picha inayofuata wamebadilishana. Lo! Dada yangu akajiziba mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika. Koti lilikuwa la studio jamani, limetundikwa msumarini kwa kila mwenye shida ya kupendeza.

Hapo nikaogopa. Baba kajenga heshima yake yote juu ya koti lile, na aliyeposwa nalo kakaa pembeni yake, anatazama picha moja moja. Huruma ilinishika, nikajifanya mtandao umekata.

"Haujakata," mama akasema. "Shusha."

Nikashusha. Bibi mmoja mnene, koti limegoma kufunga.

"Na huyu, mzee, ulimuazima?" mama akauliza.

Baba akakosa pa kutazama. "Mama watoto," akasema kwa sauti ndogo, "koti halikuwa langu."

"Kwani sijui?" Mama akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Zililetwa picha za wachumba watatu kutoka Dar. Wote koti hilihili, ua hilihili, mpaka redio! Marehemu baba akaniambia, 'Mwanangu, koti ni moja, chagua kichwa.' Nikachagua chako."

Nilidhani baba atalia. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akaivuta laptopu upande wake.

"Hao wawili wengine," akasema, "hebu nionyeshe ni wepi."