Mbege Niliyogoma Kuipika

Katika parokia yetu hakuna mwanamke aliyejua kukunja magoti kunishinda mimi. Sisemi kupiga magoti, hilo kila mtu analiweza. Nasema kuyakunja pembeni nikiwa nimekaa kwenye benchi, ili wenzangu wapite kwenda kupokea komunyo na mimi nibaki. Nilizoea mpaka nikawa nawashika mkono bibi wazee wasijikwae wakinipita. Wakirudi, nakunja tena. Mimi na mume wangu hatukuwa tumefunga ndoa kanisani, na kwetu sisi Wakatoliki jambo hilo halina njia ya mkato.

Hatukukusudia iwe hivyo. Wakati ananichukua alikuwa akifanya kazi kule chini kwenye mashamba ya miwa, kwa zamu, na mtoto wa kwanza alikuwa njiani tayari. Wazee wa pande mbili wakakutana, wakanywa, wakamaliza ya mila yote, nikaletwa hapa kihambani, shamba la ukoo wao, Rombo, juu kidogo ya Mkuu, katikati ya migomba na kahawa. Kanisani je? Tutaona. Akazaliwa wa pili, tutaona. Mzee akaacha kazi ya miwa, akarudi nyumbani na kofia yake na goti linalouma siku za baridi, nikamuuliza tena. Tutaona. Si mtu mbaya mume wangu, tena ni mpole kupindukia, lakini neno lile ningeweza kulitoa mdomoni mwake kwa koleo.

Basi kitinda mimba wetu, anayefanya kazi Moshi mjini na kupanga chumba mtaa wa Soweto, akaja Jumamosi moja na mchumba. Kijana wa Machame, mrefu, mwenye adabu, kwa woga wake akaniamkia shikamoo mara mbili. Nikampenda palepale. Kamati ikaundwa, grupu la harusi likafunguliwa, na tangu siku hiyo simu yangu haikupumzika: sare iwe kitenge cha rangi gani, mbuzi wa ndafu achome nani, mapambo, ukumbi. Mimi nilikuwa na jambo moja tu. Nilitaka siku ile, mwanangu akiwa pale mbele na shela lake, na mimi niinuke nikapokee. Sikutaka kukaa benchi la mbele, mama mzima wa bibi harusi, nakunja magoti ili wakwe wanipite.

Nikamwambia mume wangu jioni, namenya ndizi. Nilisema taratibu, bila kelele, kwamba paroko huyu mpya ni mtu wa watu, kwamba miezi bado tunayo, kwamba tukianza sasa tutawahi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kofia yake.

"Tutaona," akasema.

Nikaweka kisu chini. Nilihisi moto umeanzia miguuni.

"Haya. Na mbege mtaona wenyewe. Mimi sipiki."

Asiyetujua anaweza kudhani hicho ni kitisho kidogo. Kwetu harusi inaweza kukosa keki, inaweza kukosa hata muziki, lakini pombe yetu ya ndizi na ulezi isipokuwepo, wazee watakaa nusu saa na kuaga. Na mbege yangu, nisijisifu, basi ngoja nijisifu, inajulikana mpaka mpakani. Watu wamewahi kuahirisha sherehe ya kipaimara cha watoto wao kwa sababu mimi nilikuwa na malaria.

Mume wangu alidhani nitapoa. Sikupoa. Akamtuma dada yake aje kunisemesha. Wifi yangu huyu alifunga ndoa akiwa msichana, na glavu nyeupe mikononi, picha anayo ukutani hadi leo. Nikamweleza kwamba mbege ya harusi hupikwa na mke wa nyumba, na mimi kwa hesabu za kanisa ni mgeni tu aliyesahau kuondoka. Akacheka hadi akatafuta kigoda cha kukalia. Alipomaliza kujifuta machozi, akaniambia nikomae hapohapo, nisirudi nyuma hata hatua moja. Mjumbe gani huyo!

Binti yangu akapiga simu kutoka Soweto. Akauliza kama ni kweli naigomea harusi yake. Nikamwambia siigomei yake, naidai yangu. Halafu akanikumbusha siku ya komunyo yake ya kwanza. Alirudi kutoka altareni na kigauni chake, akakaa karibu yangu, akauliza kwa nini mimi sikwenda. Nilimwambia tumbo linaniuma. Alikuwa mtoto, akaamini, na kwa miaka mingi alijua kwamba mama yake huumwa tumbo kila Jumapili saa ya komunyo. Alikuwa akiniombea. Aliponiambia hivyo nilikaa chini ya mgomba nikalia, kisha nikanawa uso na kuendelea na mgomo wangu.

Siku ya wakwe kuja kupanga mambo ikakaribia, na mume wangu akaamua kupika mwenyewe. Alikuwa ameniona nikipika maisha yetu yote, akadhani kuona ni kujua. Ndizi alizichemsha vizuri, sina neno. Ulezi alinunua uliokwisha kuoteshwa na kusagwa. Tatizo likawa msesewe. Hilo ni gome la mti tunalotia ili mbege ipate uchungu kidogo, na neno muhimu hapo ni kidogo. Watu wa Machame wanaamini mbege ilianzia kwao, basi mzee wangu akataka kuwaonyesha kwamba Warombo hatunywi maji ya ndizi. Akatia msesewe kama anamnywesha ng'ombe dawa ya minyoo. Mimi nilikuwa nje nachuma kahawa, naisikia harufu. Mikono ilikuwa inaniwasha kwenda kumnyang'anya lile gome, nikaisulubisha kwenye kahawa.

Wageni wakaja, wakakaa. Baba mkubwa wa kijana, mzee wa heshima zake, akapewa kata ya kwanza. Akanywa. Akameza tena ingawa mdomoni hakukuwa na kitu. Akampa aliyekaa karibu yake, naye akanywa kwa adabu, akatazama milima. Kata ikazunguka hivyo hadi kwa wa mwisho. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la ndizi na nyama. Yule mzee akamgeukia mume wangu kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mama wa nyumba hii anaumwa?"

Nikasogea na sinia langu, nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mzima, nashukuru Mungu. Watu wote wakamtazama mume wangu. Mume wangu akaitazama kofia yake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uani nikamwona anakuja kutoka kwenye mpaka wa kihamba, ameshika jani la isale. Isale tunaipanda mipakani na makaburini, na jani lake likifungwa fundo huwa ni ombi. Ukiletewa, hata kama aliyekukosea alikuchomea nyumba, hukatai. Kwa kawaida hutumwa mtu alilete. Yeye alilileta mwenyewe, fundo limefungwa vibaya. Moyo wangu ukaruka, lakini hasira ikauwahi. Nikajua amekuja kuniwekea mtego wa mbege.

"Kama ni mbege unaomba kwa isale, umeniweza," nikamwambia. "Lakini si haki."

"Mbege tutanunua," akasema. "Naomba tufunge ndoa. Kanisani."

Fagio likanitoka. Akaanza kueleza, yeye ambaye maneno yake kwa siku nzima yanaenea kwenye kiganja. Alikuwa anaogopa kutangazwa. Jumapili tatu mfululizo, mtu anasoma jina lako na la mchumba wako mbele ya kanisa zima, wakamwana wako wamekaa pale, wajukuu wako wamekaa pale. Kila mwaka alisema atakwenda, na kila mwaka mvi ziliongezeka na aibu ikaongezeka nazo. Lakini jana, akasema, amepata aibu mbele ya watu wa Machame ambayo hakuna tangazo litakaloifikia, na ameona hajafa.

Nilimwangalia mzee wangu na lile jani lake. Nikaokota fagio.

"Tutaona," nikamwambia.

Uso uliomshuka pale sitausahau. Nilijikaza nifagie hatua mbili tatu, nikashindwa, nikacheka kwa nguvu hadi kuku wakakimbia. Nikalipokea jani. Na mbege nikamwambia nitapika, nani anunue mbege mimi nikiwa hai?

Mafundisho ya ndoa tulikaa na vijana wadogo, mimi na yeye kwenye kidawati kimoja, goti lake limegoma kuingia chini ya meza. Katekista akauliza wachumba wafanye nini mmoja akikasirika. Mume wangu akanyoosha mkono, akasema usiguse msesewe. Vijana hawakuelewa kitu. Jumapili ya kwanza ya matangazo nilishika benchi kwa mikono miwili. Majina yetu yakasomwa, vichwa vikageuka, na kabla sijajua nijifiche wapi wifi yangu akapiga kigelegele kule nyuma, kanisa zima likaitikia. Mume wangu, yule mwoga wa miaka yote, akasimama, akavua kofia na kuinamisha kichwa kwa watu. Nilimjivunia kama nimemzaa.

Tulifungishwa ndoa Alhamisi, juma lilelile la harusi ya binti yetu. Ndizi zilikuwa zimeshachemka na zimepoa pipani, na mikono yangu ilikuwa myeusi kwa utomvu. Niliisugua kwa limau na mafuta, bure. Misa haikuwepo kwa kuwa paroko alikuwa anawahi maziko kigango kingine, akatufungisha haraka lakini kwa upendo. Pete ikagoma kwenye kiungo cha kidole, maana vidole hivi vimeshika jembe tangu nikiwa mtoto. Mzee akasukuma, akasukuma, paroko akatazama dari, mwishowe ikaingia. Kabla ya saa nne nilikuwa nimevua gauni jipya, nachuja mbege. Msesewe nilitia mwenyewe. Kidogo.

Jumamosi kanisa likajaa. Binti yangu alipiga magoti pale mbele na kijana wake, shela limetandazwa sakafuni, akiwa mzuri mpaka nikasahau kuimba. Saa ya komunyo ikafika. Kwaya ikaanza, watu wa benchi letu wakasimama, na mimi bila kuwaza nikaegemea nyuma nikakunja magoti pembeni ili wapite.

Mume wangu alikuwa upande wa ndani. Akasimama mbele yangu na hakupita.

"Leo hupishi mtu," akaninong'oneza. "Inuka, mke wangu."

Nikainuka. Sijui niliendaje. Nilipokea, nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa, na machozi yakanishuka hadi kwenye sare. Wakati wa kurudi nikapita karibu na bibi harusi wetu. Hakutakiwa kugeuka, alitakiwa atulie na kusali. Akageuka, akainua shela kidogo.

"Tumbo limepona, mama?"

Nikamwambia limepona.