Mabomba ya Virpi Kanervo

Mamlaka ya pensheni ilikwisha kutamka, kwa lugha zote mbili za taifa na kwa herufi zinazosomeka hata na wenye macho mabovu, kwamba kila mwananchi ana uhuru kamili wa kuamua mwenyewe lini ataacha kazi. Virpi Kanervo, ambaye hupima macho ya watu katika duka la miwani mjini Kouvola, aliusoma uhuru huo akauamini. Akaamua ataacha kazi akitimiza miaka hamsini na mitano. Wakati huo alikuwa na arobaini na minane, na talaka ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

Talaka yenyewe haikuwa na kelele. Yeye na Ilkka walikaa jikoni, wakamimina kahawa, wakagawana vyombo. Kilichowatoa jasho kidogo ni zamu ya Ijumaa jioni kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke cha jengo zima, kitu ambacho katika jengo lile mtu hukiachia akiwa amekufa tu. Virpi aliipata, pamoja na nyumba. Ilkka akataja bei ya nyumba. Virpi aliiona kubwa mno, ila kubishania pesa na mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile aliona ni kukosa adabu. Akakopa benki, akamlipa Ilkka nusu yake. Haikupita muda kiwanda cha karatasi kikafunga mashine mbili, watu wakahama, na nyumba za Kouvola zikawa vitu vya kupeana kama nguo za mtoto aliyekua. Ilkka akapanga upande wa pili wa ua, akanunua karavani, kijumba cha kukokotwa na gari.

Virpi akajibana. Saluni aliiacha, akawa anajikata nywele mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, na ilionekana. Mchana alikula supu ya njegere ya kopo. Kila mshahara ulipoingia, euro mia tatu na hamsini zilikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa hisa, na kabla ya kulala aliufungua mfuko huo kwenye simu, kama mzazi anavyomchungulia mtoto kitandani. Mtoto alikuwa anakua, pole pole.

Ndipo likaja tangazo kwenye ubao wa ngazi. Mabomba ya maji ya jengo yalikuwa yameoza, na wanahisa wa kampuni ya nyumba, yaani wenye nyumba wote, waliitwa kwenye mkutano mkuu kuchagua moja kati ya njia mbili: kuyang'oa yote, au kuyapaka utando mpya kwa ndani. Sehemu ya Virpi kwa njia ya kwanza ilikuwa euro elfu sitini. Ya pili haikufika nusu ya hiyo, na kwa hiyo angeweza kujikongoja hadi hamsini na mitano yake. Alimpigia dalali kuuliza nyumba ingeuzwa bei gani. Dalali akataja elfu arobaini kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Alimkuta Ilkka kwenye mapipa ya takataka.

"Tajiri mtarajiwa!" Ilkka alisema, akitupa maboksi. "Nasikia mnang'oa mabomba."

"Bado hatujaamua."

"Mtang'oa tu. Taisto ni mwenyekiti, na Taisto anapenda kung'oa. Namshukuru Mungu mimi ni mpangaji."

"Mshukuru aliyekununulia karavani," Virpi alisema, akaondoka kabla hajaongeza neno.

Kwenye ngazi alikutana na Helmi, mama mjane wa mlango unaotazamana na wake.

"Utasema mkutanoni?" Helmi alinong'ona.

"Nitasema tupake."

"Sema, mwenzangu. Ukianza tu, niko nyuma yako. Na wa ghorofa ya kwanza pia."

Mkutano ulifanyika chini, kwenye chumba cha kufulia kilichopangwa viti. Taisto, mzee mwenye nyundo ndogo ya mbao anayoitunza nyumbani kwake, alisimama.

"Bodi inapendekeza mabomba yang'olewe yote. Kuna mwenye neno?"

Kwetu mtu mstaarabu huwapa wengine nafasi kwanza. Virpi akawapa. Alimtazama Helmi, Helmi alikuwa anatazama viatu vyake. Mwanamume wa ghorofa ya kwanza akakohoa, watu wote wakageuka kwa matumaini, kumbe ni kikohozi tu. Mashine moja ya kufulia ilimaliza kuzunguka. Virpi akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Tumekubaliana," Taisto alisema, na nyundo ikagonga. Kisha akamwona. "Ulitaka kusema kitu?"

"Hapana, hapana. Endelea tu."

Ikaja kahawa na mikate mitamu ya iliki, na hapo ndipo ndimi zilipofunguka.

"Huu ni wazimu," alisema yule wa ghorofa ya kwanza. "Mimi nilitaka kupaka."

"Hata mimi," Helmi alisema, akamgeukia Virpi. "Si ulisema utasema?"

"Nilikuwa nakuja."

"Ulikuwa unakuja na basi la saa ngapi?"

"Mimi mwenyewe hiyo ya kupaka sikuwa naichukia," Taisto alisema huku anatafuna. "Lakini bodi haikusikia mtu akiitaka. Na sasa nyundo imeshagonga."

Sheria ilimwachia Virpi mlango mmoja. Wenye sehemu moja ya kumi ya hisa wakitia saini, mkutano mwingine huitishwa. Maana yake ni kugonga milango. Nasi hatugongi mlango wa jirani pasipo moto, na hata moto ukiwako, wapo ambao wangeanza kwa kuacha kikaratasi. Siku tatu alizunguka na wazo hilo kifuani. Ya nne alivaa viatu, akatoka, akasimama mbele ya mlango wa Helmi na kalamu mkononi.

Ndani alisikia ndala zikija, funguo zikilia, kisha kimya. Alikijua kimya hicho, maana naye hukifanya kila asubuhi: mtu anayetaka kutoka husimama nyuma ya mlango akisikiliza mpaka ngazi ziwe wazi, asije akakutana na mtu. Helmi alikuwa anangoja aliyeko nje aondoke.

Virpi aliinua mkono, akaushusha. Asingependa kumchelewesha mama wa watu. Akarudi kwake kwa ncha za vidole, akafunga mlango taratibu, na mara ile akamsikia Helmi akitoka na kushuka.

Majira ya kuchipua mafundi walikuja wakang'oa. Kampuni ya nyumba ilikopa kwa niaba ya wote, na kila mwezi Virpi anakatwa euro mia tatu na ishirini juu ya gharama za kawaida. Kwenye mfuko wa hisa hapeleki tena kitu. Mkopo ni wa miaka ishirini na mitano. Utakwisha Virpi akiwa na miaka sabini na minne.