Karibu Wakati Wowote

Harufu ya raba mpya, ile ya gundi inayotoka mtu anapofunua boksi, wengine huwafurahisha. Mimi hunichosha. Juzi binti yangu alifunua boksi lake sebuleni kwetu Misugusugu, akavuta pumzi kama ananusa maandazi, nami nikajikuta nimekaa chini bila kupenda. Nilikuwa nimetoka kazini Dar, miguu imevimba. Na jasho langu kwa ajili ya viatu vile lilikuwa dogo mno: siku moja kabla, nikiwa nimejilaza, nilishika simu nikatazama duka la vifaa vya michezo linafunguliwa saa ngapi. Simu ikasema saa tatu. Tukaenda, tukakuta wazi, tukanunua, tukarudi. Binti yangu haoni ajabu yoyote hapo, na simlaumu.

Lakini nyinyi niwaambie. Kuna mlango wa duka la namna hiyo niliowahi kuukodolea macho asubuhi nzima, na mpaka leo nakumbuka rangi ya kufuli zake.

Wakati ule tulikuwa tukiishi Marui, huko ndani Kisarawe, baba yangu akilima mihogo na mananasi. Nilikuwa darasa la sita, mrefu kuliko wavulana wote, kwa hiyo mwalimu wa michezo hakuhangaika: akanifanya mfungaji wa netiboli. Kwetu tulicheza pekupeku, mchanga ni laini. Tulipochaguliwa kwenda kushindana Kibaha, mwalimu akatuonya kwamba uwanja wa kule ni kokoto tupu, na asiye na raba atakaa benchi. Za mtumba nilikuwa nimeshazijaribu. Soli ilibanduka nikiwa hewani, mpira ukaenda kwake na mimi kwangu. Baba akaapa kwamba safari hii nitavaa mpya, za dukani.

Baba hakuwa mtu wa kukurupuka. Shangazi yangu alikuwa mgonjwa, amelazwa Kibaha, na siku baba aliyokwenda kumjulia hali alizunguka makusudi hadi kwenye duka la vifaa vya michezo, akauliza saa zao za kufungua. Kuuliza si ujinga, ndivyo alivyopenda kusema. Akarudi kifua mbele.

"Nimeshauliza," akamwambia mama jikoni. "Kijana mwenye duka kaniambia, karibu wakati wowote, mzee wangu. Sisi tupo."

Mama alikuwa akikuna nazi. Hakuinua uso. "Uliuliza, au ulisalimiwa?"

"Mtu mzima hawezi kusema karibu halafu asiwepo," baba akajibu, na kwa Marui alikuwa na haki. Kwetu ukiambiwa karibu, ujue sufuria tayari liko jikoni.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku mbili tu tushindane, tulipanda lori la mananasi kabla hakujapambazuka. Niliketi juu ya mzigo, mananasi yakinichoma kupitia gauni, na wala sikujali. Kutoka Kisarawe mjini tukabadilisha magari, na jua lilikuwa limeshapanda tulipofika Kibaha. Duka limefungwa. Mlango wa chuma wa kijani, kufuli mbili nyeusi. Nilibandika uso kwenye nondo za dirisha, na ndani, kwenye giza, nikaziona: raba nyeupe, zimening'inizwa kwa kamba zake.

"Atakuja," baba akasema, akaketi barazani. "Alisema."

Tukasubiri. Baraza lilipata moto, tukasogea kufuata kivuli mpaka kivuli kikaisha. Kila mwanamume aliyepita na funguo mkononi nilimwona ndiye. Baba alikuwa ametulia tuli, kanzu yake nyeupe ya safari imeshika vumbi, na utulivu ule ulinikera kuliko jua. Hatimaye fundi cherehani wa jirani akaja kufungua kibanda chake, akatukuta.

"Mzee wangu, mnamsubiri Shabani? Leo hafungui. Kafiwa na mama yake alfajiri. Wanazika alasiri, huko Pangani."

"Inna lillahi," baba akasema. Akasimama, akajikung'uta vumbi, akamwuliza fundi njia. Nilidhani anauliza njia ya kurudi stendi.

"Baba, tunakwenda wapi?"

"Msibani."

"Kwani tunawajua?"

"Tumeshasikia," akasema, na akatangulia.

Tulitembea hadi Pangani, hii yetu ya Kibaha. Huko baba akatokomea upande wa wanaume, na mimi nikasukumwa kwa wanawake. Bibi mmoja mwenye khanga mbili akaniuliza mimi wa nani. Nikamwambia, wa Mzee Kondo wa Marui. "Aaa," akasema, kama mtu aliyekula kwetu jana, akanikabidhi ungo wa mchele nichambue. Nilitoa mawe kwenye mchele wa watu nisiowajua, na kila jiwe nililiona kama kokoto ya uwanja wa Kibaha. Wanaume walipotoka kuzika, baba alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Kumbe hata kuchimba alikuwa amechimba.

Nilipewa birika na beseni nikawanawishe. Ndipo mwenye duka alipopita akishukuru watu mmoja mmoja, macho mekundu. Alipofika kwa baba alisita.

"Shikamoo mzee. Nisamehe, kichwa changu leo hakipo. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Mimi ni mteja wako. Ulinikaribisha, nikaja."

Yule bwana alimshika mkono, hakuuachia. Kisha akaona gauni langu la vumbi, akaelewa kwamba tumetoka mbali. Akaingiza mkono mfukoni, nikasikia funguo zikilia.

"Mlikuja kuchukua nini dukani, mzee? Funguo hizi hapa. Nimwite kijana awapeleke sasa hivi."

Maji yalinimwagikia miguuni. Nilimtazama baba kwa macho yote mawili. Naye akanitazama mara moja tu, na watoto wa zamani mnalijua jicho lile.

"Tulikuja kusalimia tu," baba akasema.

Tukala ubwabwa wa msibani. Tulipotoka Pangani maduka yote yalikuwa yamefungwa, na tuliwahi gari la mwisho. Nililia njia nzima, na baba hakuninyamazisha. Mama alipouliza habari za duka, alijibiwa kwamba wenyewe walikuwa na udhuru. Siku ya mashindano nilikaa benchi, nikawagawia wenzangu machungwa, nikawatazama wakifungwa. Uchungu ule sijui niuitaje. Nilimwona baba kuwa mtu anayewapenda watu wa nje kuliko mwanawe.

Mwaka uliofuata boksi lilishuka na lori la mananasi. Mama, asiyeweka kitu rohoni, alikuwa amempa dereva maneno ya kumpelekea mwenye duka Kibaha. Nililifunua, harufu ile ikanipanda kichwani, nikaingiza mguu. Haukuingia. Ulikuwa umekua. Mdogo wangu ndiye aliyezivaa, na hakuwahi kucheza netiboli hata siku moja. Alikuwa akienda nazo kisimani.

Tangu hapo baba na yule bwana wakawa watu wa kutumiana salamu kwa lori lile lile, nanasi likienda, sukari ikirudi, na mimi nikakua, nikaondoka, nikazama kwenye kazi na uchovu wangu.

Baba alifariki wakati wa masika, katikati ya wiki. Barabara ya Marui ilikuwa uji mtupu, magari yaliishia mbali, na wengi wa mjini walipiga simu wakasema wataona. Tukiwa tumekaa, nikamwona mtu mzima mwenye mvi akija kwa miguu, suruali imekunjwa, viatu mkononi, tope hadi magotini. Sikumtambua. Mzee mmoja wa kwetu akampokea, akamwuliza yeye ni nani wa marehemu.

"Alikuwa mteja wangu," akasema.

Nilichukua birika mwenyewe, nikaenda kummwagia maji miguuni. Nikamwuliza dukani amemwacha nani.

"Nimefunga," akasema.

Nikaendelea kumwaga maji, na machozi niliyokuwa nimeyakosa tangu asubuhi yakaja yote. Nilimfikiria mtoto ambaye saa ile huenda amebandika uso kwenye nondo za dirisha lile Kibaha, akitazama raba zilizoning'inia, akituchukia watu asiotujua. Nilimwonea huruma mtoto yule kutoka moyoni. Lakini sikutaka duka lifunguliwe.