Bushi za Gari la Mama Pazia

Madaktari walimruhusu mume wa Mama Pazia kurudi nyumbani Ijumaa, kwa sharti moja: nyonga yake iliyoungwa isitikiswe njiani. Barabara ya kwao ni mashimo matupu, na gari lao kuukuu lilikuwa likigonga kwa chini kila linapovuka shimo.

"Kaka atakaa kwangu mpaka apone," shemeji yake alisema. "Mkebe wako huo utamrudisha wodini."

"Atalala kwake," Mama Pazia akajibu, akachukua funguo.

Yeye hushona mapazia, na hakati kitambaa kabla ya kupima. Gereji alifanya vivyo hivyo. Fundi alipotaka kuanza na shokapu, alimzuia, akakandamiza boneti kwa mikono miwili na kuiachia. Gari lilipanda, likashuka, likatulia.

"Hizi bado zina nguvu, zingoje mwakani. Tutafute kwanza kinachogonga. Oili na breki zitafuata."

Fundi akaingia chini. Zilizogonga ni bushi, ile mipira inayoshika mikono ya magurudumu ya mbele. Zilikuwa zimechanika, ilhali alizifunga mwenyewe mwaka jana tu.

"Mama, mipira ya siku hizi ni karatasi," alilalamika.

Akapachika mpya. Gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, akashika spana azikaze. Mama Pazia aliinama.

"Fundi, hapo si kama kushona kitambaa umekivuta? Mimi nikikiachia, chote kinajikunja."

Fundi alitazama ule mkono wa chuma, akatazama gurudumu.

"Gari likishuka, mkono unapanda," alisema polepole, "na mpira unabaki umesokotwa. Lo! Kumbe zile nilizichana mimi." Akacheka. "Usiwaambie wateja wangu."

Akayakalisha magurudumu juu ya mbao nene, yakabeba uzito wa gari, akajipenyeza chini. Ndipo akakaza.

Alhamisi Mama Pazia alimketisha shemeji kiti cha nyuma, akapita mashimo yote.

"Ukiumia, piga kelele."

"Nitapiga hata nisipoumia!"

Hakupiga. Walipofika langoni kwake alishuka, akasukuma kiti cha mbele nyuma hadi mwisho.

"Mguu wa kaka utahitaji nafasi," alisema. "Mimi nitakaa nyuma, nimshike."

"Kwenye mkebe?"

"Kesho usichelewe, shemeji."