Mstari Mwekundu wa Blanketi la Asnath

Asnath, fundi wa cherehani pale sokoni Kasulu, hakuwahi kutupa kitambaa. Ukimpelekea kitenge akushonee gauni, mabaki yanaingia kwenye gunia lake chini ya meza, na ukiyadai anakutazama kana kwamba umemtukana. Sisi tuliouza dagaa jirani yake tulimtania kwamba akifa tutamzika na gunia hilo. Alicheka, lakini hakutoa kitu.

Mwaka tisini na sita binti yake, Divine, alikuwa mjamzito, na mimba za nyuma zilikuwa zimeharibika. Asnath aliishi roho mkononi. Akaamua kumshonea mjukuu blanketi la viraka, maana kipupwe cha huku kinapenya hadi mifupani. Akachambua gunia: kaki za wanafunzi, vitenge, masalio ya magauni ya harusi. Akavikata virefu virefu, akaviunga mstari kwa mstari. Alipofika katikati, vitambaa vya rangi vikamwishia.

Rafuni palikuwa na kitambaa chekundu cha mwanamke mmoja mkimbizi kutoka Burundi, Niyubahwe, aliyekileta mwaka uliotangulia akisema, "Mama fundi, nitunzie. Ninakwenda kambini Kibondo, nitarudi." Hakutaka kishonwe chochote. Kitambaa cha mteja hakiguswi, kila fundi anajua, ila Asnath alijiambia kuwa mwenyewe amekwisha kukisahau. Akakata ukanda mmoja tu. Mkasi ulipomaliza ndipo alipoona pembe zake zimevutika, zimechakaa kwa kufungwa fundo mara nyingi. Ilikuwa mbeleko. Na kwao Warundi mbeleko iliyobeba mtoto haikatwi, hata ikiwa matambara. Lakini alikuwa ameshakata, basi akashona.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Hakulia. Daktari akampima, akasema ni mzima. Alinyonya, alipumua, alitazama watu, ila sauti hakutoa. Kila alipofunikwa blanketi alijisogeza pembeni, kama anayempisha mwenzake. Ukimgeuza, anahamia upande mwingine, mstari mwekundu unabaki peke yake. Ukiugusa, una joto, hata blanketi likiwa limeanikwa kivulini.

Kisha mtoto akaanza kukonda.

"Mama, mwanangu anaisha," Divine alilia. "Maziwa yananikaukia kabisa, na yeye hashibi. Ni kama ninanyonyesha wawili."

Asnath alijua kosa ni lake, na aliogopa hata kulitamka.

Mchana mmoja Niyubahwe akasimama mlangoni pa nyumba yao nyuma ya soko, amekonda, miguu imejaa vumbi jekundu.

"Amahoro, mama fundi. Nimefuata kitambaa changu."

Asnath akapiga magoti, akaeleza yote huku akilia. Niyubahwe hakukasirika. Alilisogelea blanketi, akaweka kiganja juu ya ule mstari.

"Mwanangu alinifia mgongoni, njiani tukikimbia," akasema. "Nilimzika porini bila kumfunika, kwa sababu mbeleko yake nilishindwa kuiacha. Tangu hapo nikilala nayo, ananitafuta titi. Niliogopa, mama. Ndiyo maana nikaileta kwako."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka kulala peke yangu."

Asnath akaitoa mbeleko iliyosalia, akachukua wembe, akafumua mshono. Uzi wa mwisho ulipokatika, mtoto wa Divine akaachama na kulia, kilio kikubwa cha hasira, kikasikika mpaka sokoni. Divine akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja. Asnath hakuweza kucheka. Alikuwa anamtazama Niyubahwe akiinama, akiuweka ule ukanda pamoja na mbeleko mgongoni, akifunga fundo kifuani, akimbembeleza mtoto kwa Kirundi, "Hora, mwana wanje, hora."

Sisi wa dagaa hatukuwa na habari ya lolote mpaka Asnath alipotusimulia baadaye. Siku ile tulimwona tu yule mkimbizi akipita mbele ya meza zetu kushika njia ya Kibondo, amebeba, mkono mmoja nyuma ukipigapiga taratibu. Mimi mwenyewe ndimi niliyemwita:

"Hongera, mama! Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume," akajibu. "Msipige kelele, amelala."