Kifaa cha Pumzi

Risasi ya kulehemu ikiyeyuka hutoa moshi mwembamba unaonukia utomvu wa msindano ulioungua. Kila ninapouvuta moshi huo hapa kibandani kwangu Makambako, ninapotengeneza simu za watu, narudi Njombe, kwenye chumba chenye dirisha moja dogo, msimu ule wa baridi ambao kaka yangu Elia hakwenda shule. Baridi ya Njombe haina adabu. Inaingia bila hodi, inakaa mpaka Agosti, na asubuhi unakuta majani ya viazi yamebabuka kwa umande ulioganda. Mimi nilikuwa na miaka tisa na Elia kumi na tatu, na moyo wake ulikuwa umeharibika tangu alipokuwa mdogo. Akienda bombani alirudi ameshika ukuta, midomo imebadilika rangi. Daktari alisema apumzike, na kwetu kupumzika kulimaanisha alale, atazame dari, asikilize wenzake wakipita barabarani wakigombania parachichi moja.

Lakini Elia hakuwa mtu wa kutazama dari. Kabla hajazidiwa alikuwa amesoma shuleni kitabu cha Kiingereza kilichong'oka jalada, kilichoeleza mchezo usio na ubao wala mpira. Mtu mmoja anasimulia, mwenzake anasema anafanya nini, kisha dadu inaamua kama amefaulu. Kitabu alikirudisha, mchezo akaubeba kichwani. Ufalme wetu aliuweka Kitulo, ambako maua yaliwaka kama taa, na adui wetu alikuwa mfalme wa ziwani kule Lupingu, aliyetuma ukungu uliopanda mlimani kutunyonga. Mimi nilikuwa fundi wa ufalme. Yeye alikuwa msimulizi, na papo hapo alikuwa askari mkongwe aliyejipa jina la Jemadari Kifua, kwa sababu alikohoa kila alipochomoa upanga. Tulicheka mpaka mama akaja kutugombeza kwamba mgonjwa hachekeshwi hivyo.

Raha yote ya mchezo ilikuwa katika kutengeneza vifaa. Baba alikuwa fundi redio Makambako, akirudi nyumbani Jumamosi na mfuko wa vitu vilivyokufa: koili za waya, sumaku za spika, antena zilizovunjika. Elia alisema ufundi peke yake ni chuma baridi, na miujiza peke yake ni upepo. Kifaa cha kweli kinahitaji vyote viwili. Neno uchawi hatukulitumia. Mama aliimba kwaya ya Kilutheri, na kwetu neno hilo si la kuchezea, limebomoa nyumba za watu. Sisi tuliiita nguvu hiyo uhai. Basi kila kifaa kilikuwa na kitu cha waya na kitu kilichoota ardhini, nami nilipaswa kukifunga kwa mikono yangu, maana Elia hakukubali kifaa cha mdomoni. Sumaku iliyopakwa utomvu wa mti wa muwati ilikuwa ngao ya kunasa mishale. Antena iliyoviringishiwa jani la mgomba ilisikia maadui wakinong'ona ng'ambo ya ziwa. Na kulikuwa na kanuni mbili ngumu: kifaa lazima kiwe na kitu cha mwenyewe ili kimjue, na fundi lazima akitajie kasoro. "Kifaa kisicho na kasoro ni uongo," alikuwa akisema, na kunirushia dadu.

Vitu vya ardhini tulivipata kwa Bibi Kanisia, mjane Mkatoliki aliyekaa nyumba ya pili, mvutaji ugoro, mwenye mdomo usio na breki. Kila alasiri alikuja na beseni la maji ya moto yenye majani ya mkaratusi, akamfunika Elia shuka, akamsugua mgongo mpaka pumzi ikalegea. "Kamwene, mume wangu," alimsalimia kikwetu. "Leo unahema kama lori la mbao. Nani atanilimia mimi shamba?" Elia alimjibu kwamba mke mwenyewe hana meno, atayatafunaje hayo mahindi. Hapakuwa na dawa nyingine iliyomlaza kaka yangu usingizi. Sisemi ilimponya, nasema alilala, na mwenye kuuguza anajua thamani ya hilo.

Kisha mfalme wa ziwani akamjeruhi Jemadari Kifua. Leo najua Elia alikuwa akinieleza kitu ambacho hakuweza kukisema vinginevyo. Aliniambia jemadari anaishiwa pumzi, na fundi atengeneze kifaa. Nilichagua koili nzuri kuliko zote. Bibi Kanisia alinipa mzizi mdogo kutoka bustanini kwake, akinilalamikia kwamba tutammalizia mimea yake michezoni, akachana pia kipande cha kitenge chake kikuukuu cha kukifungia. Elia akakata nywele zake mwenyewe kwa wembe wa baba, kidogo tu, ili kifaa kimjue. Nikakizungushia uzi mwekundu wa cherehani. Aliponiuliza kasoro nilifikiri sana, nikasema: kitafanya kazi mradi watu wajue nani amekitengeneza. Dadu ikaleta sita. Akakiweka chini ya mto, akaniambia, "Fundi, jemadari anakushukuru."

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja siku zile kumsaidia mama kuuguza. Alipotandika kitanda alikiona. Nywele za mtoto mgonjwa, mzizi, uzi mwekundu, na kitenge ambacho kila mwanamke pale mtaani alijua ni cha nani. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, na mama alipoingia akamwonyesha tu. Simlaumu kwa alichokiona, maana hata mimi leo nikikiona mahali pengine nitashtuka. Kilichoniuma ni yaliyofuata. Nilisema. Nilisema ni mimi, nikaeleza jemadari, dadu, ukungu wa Lupingu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zao zilivyozidi kuogopa. "Basi amemtumia mtoto," alisema shangazi. Elia naye akainuka kwa kiwiko akasema kanuni ni zake. Wakasema ni homa inayosema. Kifaa kikachomwa uani kwa mafuta ya taa, majirani wamezunguka. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile wengi walikuwepo, na neno liliharibika pale pale.

Baba alipofika Jumamosi aliokota waya mweusi majivuni, akaugeuza vidoleni. "Dada, hii ni koili yangu, ya redio." Shangazi akamuuliza kama mchawi hana mikono ya kuokotea waya. Baba akautia waya mfukoni. Mfa maji haachi kutapatapa, na nyumba yetu ilikuwa inazama. Walihitaji mtu wa kumshika. Bibi Kanisia alikuja na beseni lake kama kawaida, akazuiwa kwenye ua wa michongoma. Alisimama mpaka maji yakaacha kutoa mvuke, akayamwaga, akaondoka. Elia alimsikia. Aliniuliza, "Mke wangu mbona haingii?" nikamvutia shuka mpaka kidevuni. Tangu siku hiyo hakulala tena usingizi wa kweli. Nilijaribu mimi, na majani yale yale na shuka ile ile, lakini mikono yangu haikujua mgongo wake. Alifariki kabla baridi haijaisha. Bibi Kanisia hakuja msibani; mlango wake ulikuwa na kufuli, amehamia kwa binti yake, kijijini Kifanya.

Mwaka huu nilimpeleka mwanangu kule Kifanya kumwona Bibi Kanisia. Njia nzima alikuwa ameinamia simu, akicheza michezo ya siku hizi. Humo ndani anaunganisha jiwe la ajabu na injini, anagusa kioo, upanga wa radi uko tayari. Hachafui mkono, haulizwi kasoro, na neno uchawi analitaja kama anavyotaja sukari. Nilimwonea wivu. Bibi ni kikongwe sasa, macho yamefifia, lakini alinijua kwa sauti. Nilimweleza yote, tangu koili mpaka moto. Akauliza jambo moja tu.

"Mume wangu alijua si mimi?"

"Alijua, Bibi. Aliwaambia."

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mwanangu, ambaye hakuwa akitusikiliza, akamsogezea simu amwonyeshe upanga wake. Bibi akaupapasa ule mwanga kwa kidole.

"Nani ametengeneza hiki?"

"Mimi, Bibi."

"Sema kwa nguvu, mjukuu wangu," akamwambia. "Majirani wasikie."